Paipu na sola kuganda Mau Narok: la kufanya kabla ya Januari

Swali: Nimestaafu ualimu na kujenga Mau Narok, nyanda za juu za Kenya, upande wa bondeni. Tangi la lita 1,000 liko juu ya mnara nje, na paipu ya PPR (plastiki ngumu) ya milimita 20 inashuka ukutani hadi jikoni na bafuni. Juu ya mabati kuna sola ya maji moto ya lita 200, ya paneli bapa ya kioo. Januari iliyopita kulikuwa na asubuhi kadhaa ambapo hatukupata maji hadi saa tatu. Mpira wa kumwagilia bustani ulikuwa na barafu ndani, na wiki hiyo hiyo paneli ikaanza kuvuja. Fundi mmoja ananiambia nifunge paipu na magunia, mwingine nitie chumvi kwenye tangi. Kijana wangu aliyeko Minnesota anasema nizike paipu futi tano na niache mifereji ikidondoka usiku kucha. Nimfuate nani?

Jibu: Mwalimu, kijana wako anasema kweli, ila ni kweli ya Minnesota. Huko ardhi yenyewe huganda, na kanuni za ujenzi za jimbo hilo huagiza misingi ishuke inchi 42 upande wa kusini na inchi 60 upande wa kaskazini. Futi zake tano zimetoka hapo. Baridi ya huko yaweza kukaa wiki nzima bila kuachia, mchana na usiku. Ya kwako huanza usiku wa manane, hukaza kuanzia saa tisa hadi jua linapochomoza, na kufikia saa tatu asubuhi imeshaondoka. Ardhi yako haigandi. Kinachoganda ni kile kilichoachwa nje kikitazama anga: paipu ya ukutani, mpira wa bustani, na zaidi ya vyote ile paneli. Kwa hiyo kinga yako ni rahisi kuliko ya kijana, lakini ina mahali pake pa kuanzia, na magunia na chumvi havimo.

Kwanza tuelewane kwa nini ni Januari na si Julai. Julai kunakuwa na baridi ya kutwa nzima, lakini mawingu na ukungu hufunika nchi na kuzuia joto la ardhi lisipotee. Januari na Februari mchana kuna jua kali, jioni anga ni jeupe, hewa ni kavu na upepo umetulia. Usiku wa namna hiyo kila kitu kilicho wazi hutoa joto lake kwenda juu angani, na hakuna wingu la kulirudisha. Kitu chembamba na kipana, kama bati, jani la kiazi au paneli ya sola, hupoa hadi kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Ndiyo maana utabiri unaweza kusema nyuzi joto 3 au 4 na bado ukakuta viazi vimeungua: kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye paa, zaidi ya meta moja kutoka chini, ilhali kiazi kimelala wazi. Paneli yako nayo imelala wazi. Inaweza kuganda huku hewa ikiwa haijafika sifuri.

Pili, hewa baridi ni nzito. Huteremka mlimani polepole na kukusanyika bondeni, na ikikuta ua mnene wa saipresi umekatiza mteremko, hurundikana nyuma yake. Nyumba mbili zilizoachana meta 200 tu zaweza kutofautiana: ya juu ina umande, ya chini ina jalidi, yaani utando mweupe wa barafu. Kwa kuwa uko bondeni, tazama upande wa chini wa kiwanja chako. Kama kuna ua uliofunga kabisa, pogoa matawi ya chini upana wa meta mbili au tatu ili hewa ipite iendelee na safari yake. Watu wengi hawaifanyi kazi hii kwa sababu haionekani kuwa na uhusiano na mabomba, na ndiyo isiyogharimu hata shilingi.

Wanaoishi Molo, Kuresoi, Mau Summit na Timboroa wana shida hii hii, na wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaijua jalidi kwa majani yaliyokauka hudhurungi. Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila meta 1,000 unazopanda, kwa hiyo wa Kisumu, meta 1,130 hivi juu ya bahari, hahitaji lolote kati ya haya, na wa Nakuru mjini, meta 1,850 hivi, naye yuko salama.

Kabla ya kununua chochote, pima kiwanja chako. Chukua sahani tatu za bati, tia maji kina cha sentimita moja tu, uziweke jioni mahali patatu: chini ya mfereji wa nje, karibu na mguu wa mnara wa tangi, na ya tatu mahali pa wazi palipo na urefu sawa na paneli, usipande paa usiku. Amka kabla ya jua. Sahani yenye utando wa barafu imekuonyesha pa kuanzia. Mara nyingi utakuta ile iliyo karibu na ukuta wa mawe haina kitu, kwa sababu ukuta ulishika joto la mchana, na ile ya uwanjani imeganda hadi chini. Rudia siku kadhaa za anga jeupe, andika matokeo, kisha ndipo umwite fundi.

Sasa, nini hasa hupasua paipu? Maji yakiganda huongezeka ukubwa kama asilimia 9. Wengi hudhani barafu hupanuka na kuisukuma paipu kutoka ndani pale pale ilipo. Mara nyingi sivyo. Barafu huanza mahali pamoja penye baridi zaidi, tuseme kwenye kiwiko kilicho nje, ikawa kizibo. Kizibo kinapoendelea kukua husukuma maji yaliyobaki kati yake na mfereji uliofungwa. Maji hayo hayana pa kwenda, shinikizo linapanda, na paipu hupasuka pale palipo dhaifu, pengine meta mbili kutoka kwenye barafu, hata ndani ya ukuta. Fundi akija mchana anaona uvujaji, anabadilisha kiungio hicho, na mwaka ujao panapasuka tena kwa sababu kiwiko cha nje hakijaguswa. Ukipata uvujaji baada ya jalidi, tafuta kwanza ni wapi paipu hiyo ilitazama anga.

Tangi lako liache. Lita 1,000 za maji yenye nyuzi joto 10 au 12 haziwezi kuganda kwa usiku mmoja. Sana sana utaona utando juu, na plastiki huuvumilia. Lakini paipu ya PPR ya milimita 20 yenye ukuta mnene ina tundu la milimita 13 hivi. Kila meta ina maji desilita moja na theluthi hivi, hata haijai kikombe cha chai. Maji kidogo namna hiyo hupoa upesi. Ongeza kwamba PPR yenyewe huwa ngumu na rahisi kuvunjika ikikaribia sifuri, kwa hiyo asubuhi ya jalidi usiigonge wala kuning'inia kwayo. Paipu nyeusi ya HDPE, ile ya plastiki inayokunjika, hunyumbuka na mara nyingi huvumilia kuganda mara moja moja. Valvu za shaba hazinyumbuki kabisa. Valvu ya mpira, ile ya mkono mmoja yenye tufe lililotobolewa ndani yake, ina ujanja wake: ukiifunga, maji kidogo hubaki ndani ya tundu la lile tufe, yakiganda hupasua mwili wa valvu. Ukimwaga maji ya laini yoyote, acha valvu yake ya mpira ikiwa nusu wazi ili tundu nalo limwage.

Tuje kwenye sola, maana ndiyo iliyokula hasara na ndiyo itakayokula tena usipoibadilisha.

Paneli bapa imeundwa ili ichukue joto kwa upana. Kuna karibu meta mbili za mraba za bati jeusi, na nyuma yake mirija myembamba ya shaba, milimita 8 hadi 10, inayobeba lita moja na nusu au mbili tu za maji. Upana huo unaovuna jua mchana ndio unaopoteza joto usiku. Katika nyumba nzima hakuna chombo chenye maji machache kiasi hicho kilichotandazwa chini ya anga kiasi hicho. Kwa hiyo kama sola yako ni ya mzunguko wa moja kwa moja, yaani maji unayooga ndiyo yanayopita ndani ya paneli, iliwekwa mahali pasipoifaa. Inafaa Kisumu. Haifai bondeni Mau Narok. Aliyekuuzia alipaswa kukuuliza unaishi wapi.

Fungua paneli uhakikishe kwamba jalidi ndiyo iliyoharibu. Mrija uliopasuliwa na barafu huwa umevimba kidogo, na ufa wake umekwenda kwa urefu wa mrija, umefunguka kama mdomo wa samaki. Tundu dogo la mviringo lenye ukoga wa kijani pembeni ni kutu, na dawa yake ni nyingine. Kama ni mrija mmoja uliopasuka, fundi wa majokofu anaweza kuuchomelea kwa waya wa fedha. Asitumie risasi laini, kwa sababu paneli ikikaa bila maji juani hupata moto wa kutosha kuidhoofisha. Kama ni mitatu au minne, usitie pesa hapo. Hata ile ambayo haijapasuka imeshanyooshwa na barafu, kuta zake zimekuwa nyembamba, na itafuata.

Suluhisho la kudumu ni mfumo wenye mizunguko miwili. Tangi la sola linakuwa na koti: chumba cha nje kinacholizunguka. Ndani ya koti na paneli hupita maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, na maji ya kuoga yanabaki ndani ya tangi bila kukutana nayo. Joto ndilo linalovuka. Unapoteza joto kidogo ukilinganisha na mfumo wa moja kwa moja, lakini paneli haigandi. Uliza duka swali moja tu: tangi hili lina koti au halina? Kama la kwako halina, huwezi kutia dawa. Itabidi tangi libadilishwe pamoja na paneli.

Dawa yenyewe iwe propileni glikoli, ile inayotengenezwa kwa mifumo ya kupasha maji ikiwa na vizuia kutu ndani yake. Hapa naomba unisikie vizuri, Mwalimu. Dawa ya rejeta ya gari isiingie kwenye sola ya nyumbani hata kidogo. Nyingi ni ethilini glikoli, ambayo ni sumu inayoua figo, ina ladha tamu, na koti likitoboka inaingia kwenye maji ya kuoga na kupikia bila mtu kujua. Fundi akija na chupa ya rejeta, mrudishe nayo.

Kipimo: sehemu moja ya propileni glikoli kwa sehemu tatu za maji safi, yaani asilimia 25, hulinda hadi nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Hiyo inatosha Mau Narok na inabaki. Ukipunguza chini ya asilimia 20, vizuia kutu navyo huwa hafifu na mfumo huanza kula chuma chake. Ukizidisha hadi nusu kwa nusu, mchanganyiko huwa mzito na huzunguka kwa shida, kwa kuwa sola ya aina hii haina pampu; maji moto hupanda yenyewe na baridi kushuka. Ili ujue ununue kiasi gani, jaza mzunguko huo kwa maji matupu kwanza kwa ndoo iliyopimwa, andika lita, kisha umwage. Ukichukua lita 16, utahitaji lita 4 za dawa na lita 12 za maji. Changanya kwenye ndoo kabla ya kumimina, usimimine dawa kwanza na maji baadaye, hazitachanganyika vyema ndani. Kila Novemba fungua kifuniko uangalie kama imepungua, na ukijazia jazia mchanganyiko ule ule wala si maji matupu. Ikibadilika kuwa ya kahawia na kunuka chachu, imekwisha nguvu. Mwaga yote, suuza, weka mpya.

Sola za mirija ya kioo zenye ombwe ni jambo jingine. Kati ya kioo cha nje na cha ndani hakuna hewa, kwa hiyo joto halitoki kirahisi, na kila mrija wa zile kubwa hubeba karibu lita tatu. Jalidi ya huku haiwezi kuzigandisha. Kinachoganda ni kitangi kidogo cha kujazia kilicho juu chenye boya, na paipu nyembamba za kupanda na kushuka. Ukinunua hiyo, paipu hizo zivalishwe kabla fundi hajashuka kwenye ngazi.

Kama pesa za kubadilisha hazipo mwaka huu, kuna njia mbili za kuvuka Januari na ya pili inataka uangalifu. Ya kwanza ni kuifunika paneli jioni: blanketi kuukuu juu ya kioo, turubai juu ya blanketi, kamba nne. Kifuniko hukatiza njia ya joto kwenda angani, na kwa jalidi ya kawaida kinatosha. Tengeneza utaratibu wa kamba na kapi ya kuvuta kutoka chini, maana mabati yenye umande usiku yameangusha watu, na hakuna paneli inayolingana na kiuno cha mtu.

Njia ya pili ni kuimwaga. Jioni, paneli ikiwa imeshapoa, funga valvu ya maji baridi yanayoingia paneli na valvu ya maji moto yanayorudi tangini. Fungua koki ya chini kabisa ya paneli, kisha legeza kiingiza hewa cha juu, bila hivyo maji hayatashuka. Iache koki ya chini wazi usiku kucha. Asubuhi, kabla jua halijaipiga, funga koki, fungua maji baridi polepole, subiri hewa iishe juu, funga kiingiza hewa, ndipo ufungue valvu ya maji moto. Ukichelewa na paneli imeshashika moto, usiingize maji, ngoja jioni. Na kamwe usifunge zile valvu mbili ukaacha maji ndani. Jua likiwaka, maji yaliyofungiwa hutafuta pa kutokea kwa nguvu ya mvuke.

Hilo linanileta kwenye kitu ambacho wengi hawakiangalii. Kila tangi la maji moto lina valvu ya usalama au paipu ya kupumulia inayopanda juu ya paa. Maji yakisimama kwenye mdomo wa paipu hiyo yakaganda, asubuhi jua litaanza kupasha paneli huku njia ya kupumua imezibwa. Paipu ya kupumulia isiwe na valvu yoyote, isiwe na kona inayoshikilia maji, na ivalishwe kinga kuliko zote. Paipu ya kumwagia ya valvu ya usalama iteremke moja kwa moja bila kupanda, na mdomo wake ubaki wazi. Nimeona watu wakiifunga kwa plagi kwa sababu inadondoka. Inadondoka kwa sababu inafanya kazi.

Sasa paipu za kawaida. Kutoka mnarani hadi nyumbani, zishushe ardhini. Kwa jalidi peke yake sentimita 30 zinatosha, lakini chimba 45 ili jembe lisizifikie, na 60 pale gari linapopita. Tandika udongo laini usio na mawe sentimita 10 chini na 10 juu kabla ya kufukia. Kwa laini hiyo tumia HDPE ya milimita 25, kwa kuwa haina viungio vingi na huvumilia ardhi inayosogea wakati wa mvua.

Mahali paipu inapotoka ardhini ndipo wengi hukosea. Wanazika vizuri halafu wanaacha meta moja ya kupanda kwenye mfereji ikiwa uchi. Vua mfereji huo, pitisha paipu ndani ya paipu ya maji taka ya inchi nne iliyosimama, ianze sentimita 20 chini ya ardhi, kisha jaza katikati kwa maranda makavu. Ukiwa karibu na viwanda vya mbao vya Elburgon utayapata kwa urahisi. Funga juu kwa saruji ili mvua isiingie. Maranda yakilowa hayana kazi, na mchwa atayapenda, kwa hiyo saruji isiwe na ufa.

Hapo ndipo magunia yanapofeli. Gunia kavu lina hewa ndani yake na hewa ndiyo kinga. Gunia likilala nje linakunywa umande, na gunia lenye maji hupitisha joto na likikauka kwa upepo hupoza paipu zaidi. Nunua povu jeusi la mabomba, lile la mpira lenye vitundu vilivyofungwa, unene wa milimita 19. Kwa paipu ya milimita 20 hupunguza upotevu wa joto hadi kama theluthi moja. Huko kwa kijana wako theluthi hiyo haisaidii kitu peke yake, kwa kuwa baridi haikomi na kinga haizalishi joto, inachelewesha tu. Kwako baridi ina saa chache kabla ya jua, na kuchelewesha ndicho unachohitaji.

Livalishe povu bila kuacha pengo: viwiko, valvu, mita, na pale paipu inapoingia ukutani. Sentimita tano zilizo wazi zinatosha kuzaa kizibo. Gundisha mshono kwa gundi yake na uuelekeze chini ili maji yasiingie. Jua la huku juu hulila povu hilo likawa unga, kwa hiyo lifunike kwa tepu ya alumini au ulipitishe ndani ya paipu ya plastiki ya inchi tatu. Na paipu ya ukutani mwambie fundi aipe mteremko wa sentimita moja kwa kila meta, kuelekea koki ndogo ya kumwagia iliyo chini kabisa. Aishike kwa klipu kila sentimita 60, isilegee na kufanya tumbo linaloshika maji. Meta 15 za laini hiyo zina lita mbili tu. Usiku ambao una wasiwasi nao, funga valvu ya tangi, fungua koki, na mfereji mmoja wa juu ili hewa iingie. Dakika mbili, umelala bila hofu.

Kuacha mfereji ukidondoka nako kunafaa, na kunafaa kwa sababu mbili: huleta maji yenye joto la tangi, na huacha mlango wazi ili shinikizo lisipande. Ila usimwage maji uliyopandisha kwa pampu. Weka mtungi wa lita 20 chini ya mfereji ulio mwisho wa laini, ule wa mbali kabisa na tangi, na uachie uzi mwembamba wa maji utakaoujaza kutoka saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Hiyo ni lita mbili na nusu kwa saa. Asubuhi una maji ya kupikia. Matone ya hapa na pale hayatoshi na huweza kuganda mdomoni mwa mfereji.

Ishara za kuchukua hatua ni tatu kwa pamoja: nyota zinaonekana zote, majani ya miti hayatikisiki, na kipimajoto ulichokitundika nje kwa urefu wa paipu kinasoma nyuzi 5 au chini ya hapo saa nne usiku. Mawingu yakiingia, lala. Mpira wa bustani uvue kila jioni, uunyooshe umwagike. Ukiuacha umefungwa kwenye mfereji, maji yaliyo ndani yake huganda hadi shingoni mwa mfereji na kuupasua.

Chumvi isiingie tangini. Ili izuie kuganda itabidi iwe nyingi kiasi kwamba maji hayanyweki, na wakati huo huo inakula valvu, mita, na tangi la sola.

Na ikitokea umeamka hakuna maji? Kwanza zima pampu kama ipo, kwa sababu pampu inayosukuma paipu iliyozibwa hupata moto na kuharibu sili yake. Zima pia swichi kubwa ya shawa ya umeme. Maji yakirudi kwa kusitasita, waya wake wa kupasha unaweza kuwaka mkavu na kuungua; iwashe tu baada ya maji kutiririka bila kukatika. Halafu fungua mfereji, uache wazi. Pasha paipu kuanzia upande wa mfereji ukirudi kuelekea tangini, ili barafu inayoyeyuka ipate njia. Tumia kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu ambayo mkono unavumilia. Maji yanayochemka hupasua plastiki iliyoganda, na moto wa makaa au wa gesi huilainisha PPR hadi ikavimba na kupasuka baadaye. Mara nyingi lililo bora ni kungoja jua, kwa kuwa kufikia saa tatu litakuwa limefanya kazi hiyo bure. Wakati huo mtu mmoja asimame karibu na valvu ya tangi. Paipu iliyopasuka haivuji ikiwa imeganda. Huanza kuvuja barafu inapoyeyuka, na ukiwa shambani utakuta jiko limejaa maji.

Kama ningepanga pesa zako, ningeanza mwezi huu na kufukia laini ya mnarani na kuvalisha viwiko na paipu ya kupumulia, maana ni kazi ya siku mbili ya fundi mmoja. Sola, kama ni mrija mmoja tu na umechomelewa vizuri, ningeifunika kwa blanketi na turubai msimu mmoja huku nikiweka akiba ya tangi lenye koti. Paneli ambayo bado inavuja usiiweke tena kazini kwa kuziba ziba: ifunge maji yake, imwage, uifunike ili isiungue juani ikiwa tupu, na uoge kwa maji ya jiko hadi nyingine ipatikane. Mfumo mpya ukifika, uwepo wewe mwenyewe fundi anapochanganya dawa, uisome chupa kabla haijafunguliwa, na uandike kwa rangi juu ya koti tarehe, lita na kipimo, ili fundi atakayekuja baada yake asijazie maji matupu.